Sahani Iliyorudi Tupu

Siku ya kuondoa matanga ya mama yangu, baba mdogo Elia alisimama katikati ya uwanja, akashika kofia yake kwa mikono miwili, akamsifu marehemu. Alisema mengi mazuri, lakini moja ndilo lililowafanya wanawake wote chini ya turubai waitikie kwa sauti. "Huyu mama alimulisha kaka yangu kwa mukono wake miaka saba. Miaka saba! Kijiko kwa kijiko. Wanawake wa sasa, mutaweza?" Wanawake wakacheka huku wakijifuta macho, na mmoja akamjibu, "Weye Papa Elia, tungekuchoka mwezi wa kwanza," matanga yakachangamka. Mimi nilikuwa nimebeba beseni la sahani chafu. Nililiweka chini, nikajifanya natafuta sabuni. Sifa hiyo nimeisikia kwa zaidi ya miaka thelathini, kanisani, kwenye harusi, kwenye misiba ya watu wengine, na sijawahi kumsikia mtu akiuliza swali linalopaswa kuitangulia: kwa nini mtu mzima, fundi wa mitumbwi mwenye mabega ya kubeba ubao wa mvule peke yake, alihitaji kulishwa kwa kijiko?

Jibu ni mimi. Si mimi peke yangu, na nitajaribu kueleza polepole ili msomaji aone kila mtu alisimama wapi, lakini lazima nianze na sehemu yangu, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa uhakika. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Jina langu ni Feza, na kazi yangu nyumbani ilikuwa kupeleka sahani ya baba.

Nyumba yetu ilikuwa Kataki, hapa Kalemie, ya matofali ya kuchoma, yenye barza, kibaraza cha wageni, mbele na jiko la peke yake nyuma. Kati ya jiko na barza palikuwa na kijia chembamba kandokando ya ua wa matete, hatua kumi na tisa, nimezihesabu mara nyingi. Upande wa pili wa ua aliishi Mama Sikitu na mabata yake. Baba alikula barzani, na mgeni yeyote aliyekuwapo. Mama alikula jikoni, kwenye mkeka, na mimi na wadogo zangu watatu. Mke hakwenda barzani wakati wanaume wanakula. Binti ndiye aliyepeleka maji ya kunawa, kisha bukari, ugali wetu, chini ya kifuniko, kisha bakuli la samaki. Kwa hiyo mama hakuwahi kumwona baba akila. Alichokiona ni sahani inavyokwenda na sahani inavyorudi. Ikirudi tupu, basi nyumba iko salama. Ikirudi imejaa, hakuna aliyefikiri kwamba mwenye nyumba ameshiba. Mume aliyerudisha chakula cha mke wake amesema neno zito kuliko tusi. Wajomba zangu wa mji wa Baraka walikuwa wamemwambia mama mbele yangu, mwaka mmoja kabla, wakati wa ugomvi mwingine: "Siku atakataa bukari yako, usingoje akufukuze. Funga vitu, rudi kwetu." Mama aliitikia. Nami, nikiwa nachambua mchele pembeni, nililiweka neno hilo moyoni kama mtu anavyokumbuka mahali palipo na shimo njiani.

Mwanzoni mwa kiangazi cha mwaka huo baba alianza kunywa maji kama ng'ombe wa Pepa. Alikunywa, akaenda chooni, akarudi akanywa tena, na mkanda wake ukaongezewa tundu kwa msumari, kisha tundu lingine. Mama alimpeleka dispanseri. Muuguzi, ambaye nitamwita Papa Anselmi, alikuwa mtu mwema, mchovu, mwenye foleni ya watu hadi kwenye geti. Alichovya kikaratasi kwenye mkojo wa baba, kikabadilika rangi, akasema ni ugonjwa wa sukari. Akampa baba vidonge: kimoja asubuhi, kisha ale chakula. Baadaye akamwita mama pembeni, kwa sababu ndiye mpishi, akamweleza mambo ya chakula: bukari ipungue iwe nusu, sombe, yale majani ya muhogo, na mboga ziongezeke, samaki achemshwe badala ya kuogelea kwenye mafuta ya mawese, sukari ya chai iachwe. Maneno mazuri yote. Hata leo ningesema yaleyale. Lakini tazameni yalivyogawanywa: mwenye ugonjwa aliambiwa kuhusu kidonge, mpishi aliambiwa kuhusu bukari. Papa Anselmi alidhani mama atamwambia mumewe. Mama alidhani Papa Anselmi amekwisha kumwambia. Hakuna aliyekosea sana. Kila mmoja alimwachia mwenzake hatua moja.

Siku ya pili yake baba mdogo Elia alifika kutoka Baraka na wafanyabiashara wawili wa ndakala, dagaa wa ziwani. Mama alipika kwa furaha. Wageni aliwafinyangia mlima wa bukari uliokuwa unatoa mvuke, na samaki wanne, mikebuka, kwenye bakuli. Kisha akachukua sahani ya baba, ya bati, nyeupe, yenye ukingo wa buluu, akaweka juu yake tonge moja kubwa kidogo kuliko ngumi yangu, akalizungushia sombe nyingi, akafunika. Nilimwona akitabasamu. Alikuwa ameipima ile bukari kwa upendo, kama mtu anayepima dawa. Nikaipeleka barzani, nikafunua. Baba alitazama mlima wa wageni, akatazama sahani yake.

"Hii ya nani?"

"Ya weye, baba."

Baba mdogo Elia, ambaye mdomo wake haujawahi kungoja akili, akapiga goti kwa kiganja. "Kaka! Kwako wamekwisha kukuachisha ziwa?" Wageni wakacheka. Baba naye akacheka, kicheko kirefu chenye adabu zote za mwenyeji. Kisha akanawa mikono ambayo haikugusa kitu, akarudisha kifuniko juu ya sahani. "Peleka," akaniambia. "Mwambie mama yako, mutoto ameshiba."

Nikatembea zile hatua kumi na tisa. Katikati ya kijia nikasimama. Nilimsikia mama jikoni akiimba wimbo wa kanisa chinichini, na nikaona mbele yangu, wazi kabisa, mama akifunga vitu kwenye kitenge, wadogo zangu wakilia, mtumbwi wa Baraka ukiondoka. Mabata ya Mama Sikitu yalikuwa yameingiza midomo kwenye matete. Sikupanga. Nilifunua sahani nikaimwaga upande wa pili, yakaila bukari yote kabla sijapumua mara tatu. Nilipomkabidhi mama sahani tupu, uso wake ulifunguka.

"Amekula yote? Hakuuliza kitu?"

"Amesema ameshiba."

Na hayo yalikuwa maneno ya baba mwenyewe. Ndivyo nilivyojitetea kwa miaka mingi: kwamba sikusema uongo. Leo ninapokaa na wasichana wadogo huwa nawaambia, uongo mkubwa kabisa niliowahi kusema haukuwa na neno moja la uongo ndani yake.

Nilidhani ni siku moja. Wageni wataondoka, hasira itapoa. Lakini fikirini jinsi ilivyokuwa upande wa baba. Alikuwa amerudisha chakula cha mke wake mbele ya watu. Ni jambo kubwa; alitarajia mama aje, alie, aulize, agombane, apeleke habari kwa wazee. Badala yake, kesho yake, jua likishuka, sahani ileile ikaja na tonge lilelile. Na kesho kutwa. Kwake ilikuwa kama amepiga kelele mlangoni pa mtu na mtu huyo akaendelea kufagia. Na mama kwa upande wake aliona sahani zinarudi tupu, kwa hiyo aliamini mumewe amekubali kipimo, ila hakuelewa kwa nini hasemi naye tena. Ugomvi wao ulikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, nao ulikuwa ile sahani iliyokataliwa, na mimi ndiye niliyeuziba. Laiti ningeipeleka jikoni imejaa siku ile ya kwanza, pangekuwa na makelele jioni nzima, pengine hata siku tatu, mama angesema "Muganga njo alisema nipunguze!" na baba angesema "Sasa kwa nini hukuniambia?" na yangekwisha. Watu wanaogopa makelele nyumbani. Mimi siku hizi naogopa nyumba ambayo kila kitu ndani yake kimekwenda vizuri.

Baba alijua njaa, lakini hakufa njaa. Asubuhi alikunywa kidonge chake na maji, akaenda ufukweni karibu na mto Lukuga unapotoka ziwani, mahali walipokalafati mitumbwi, wakishindilia pamba kati ya mbao kwa nyundo na patasi. Pale palikuwa na mama mmoja wa chai, Mama Odia, na baba alinunua kwake kikombe chenye vijiko vinne vya sukari na mandazi matatu, na saa sita tena. Watu wakaanza kusema juu ya baba na mama wa chai. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na mandazi tu. Lakini jioni aliporudi alikaa barzani na fundi mwenzake, na mimi nikipanga vikombe nilimsikia: "Juma la tatu hili nakataa chakula chake. Mwanamuke hata kuuliza, hapana. Nimekwisha kuwa kiti humu ndani." Na jikoni, siku ileile, nilimsikia mama akimwambia Mama Sikitu, "Kula, anakula. Lakini anakula kama muntu wa hoteli. Anamaliza, ananyamaza, analala."

"Shukuru Mungu anakula," Mama Sikitu akamjibu, akivunja kijiti cha kuchokolea meno. "Wangu mimi alikuwa anakula na bado ananitukana. Lakini Mama Feza, uliona mabata yangu? Sijui yanapata wapi chakula. Yamenenepa, yanatembea kama mashemasi siku ya sadaka."

Mama alicheka, kicheko cha kwanza baada ya siku nyingi. Mimi niliinamia maji ya kuoshea sombe nikaona uso wangu ndani yake, nikauchafua kwa mkono.

Nilijaribu. Nataka mjue hilo. Siku moja nilipiga magoti barzani nikasema, "Baba, ule hata kidogo, unakonda." Akaniambia bila hasira, "Weye ni mutoto. Hii si vita yako." Lakini ilikuwa vita yangu kabisa, kwa sababu sasa walikuwa wanasemezana kupitia kwangu. Mwambie mama yako nahitaji shati. Mwambie baba yako shati liko kwenye kamba. Kamba ilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa. Mama alianza kuumwa kichwa kila siku, akikaza kitambaa kwenye paji la uso tangu asubuhi. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekwisha kuacha, akarudi kukojoa kitandani. Mimi nilipoteza siku zangu kwa miezi miwili, nikajua ni laana. Haikuwa laana. Mwili wa mtu hula mezani mwa nyumba yake, na nyumba yetu ilikuwa inapika ukimya kila siku. Tulikuwa watu sita, na wote sita tuliugua ugonjwa wa sahani moja.

Mwisho wa mwezi wa pili tulirudi dispanseri, mimi nikiwa nimebeba mkoba wa mama. Papa Anselmi alichovya kikaratasi, akatikisa kichwa. Rangi ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Baba alikwisha kutoka nje kuvuta hewa, kwa sababu hakutaka kukaa benchi moja na mama. Muuguzi akamgeukia mama.

"Anakula namna gani?"

"Vile ulisema, Papa. Bukari ndogo, sombe mingi."

"Anamaliza?"

"Anamaliza yote. Sahani inarudi tupu kila siku. Muulize Feza, ye njo anapeleka."

Papa Anselmi akaniangalia juu ya miwani. Ukuta ulikuwa na picha ya mama ananyonyesha mtoto, pembe yake moja imebanduka. Nje baba alikuwa anaongea na mtu kuhusu bei ya misumari. Nilikuwa na muda. Huwa nasema ilikuwa ghafla, lakini si kweli; nilikuwa na muda wa kutosha kutazama pembe ile ya picha na kufikiri kwamba ingefaa kubandikwa. Kisha nikasema, "Anamaliza."

"Basi dawa ni ndogo," akasema Papa Anselmi, na kwa alivyoambiwa, alikuwa sahihi. "Aongeze. Viwili asubuhi."

Ngoja nieleze jambo ambalo sikulijua siku hiyo. Vidonge vile vinashusha sukari kwenye damu, iwe ni sukari ya bukari au ya mandazi. Vinashusha hata kama mtu hajala. Kama tumboni hamna kitu, vinaendelea tu na kazi yao, na ubongo unaoishi kwa sukari ile unaanza kuzima. Mtu anatetemeka, anatoka jasho baridi, anakuwa mkali, anasema ovyo, miguu inamwacha. Kwa asiyejua, huyo ni mlevi.

Siku tano baadaye, Jumamosi, mama wa chai hakuwapo. Alikuwa amekwenda msibani Niemba. Baba alimeza vidonge viwili kwa maji, akaenda ufukweni na tumbo lisilokuwa na kitu tangu chai ya jana yake, akapiga nyundo juani hadi saa tano. Fundi mwenzake alituambia baadaye: alianza kwa kugombana juu ya msumari, akatukana watu, yeye ambaye hakuwa mtu wa matusi, akatupa patasi majini, akacheka, akaanguka. Walimweka kwenye mkokoteni, wakamsukuma hadi nyumbani, na nyuma yao watu wakifuata na kupiga miluzi. "Papa wa kanisa amegusa lutuku leo!" mmoja akaita. Mama alikuwa anatwanga sombe. Alimtazama mumewe aliyeloa, anayekoroma mkokotenini, akatazama wale watu. Miezi miwili ya ukimya ikapanda usoni mwake.

"Mumulaze barzani," akasema. "Pombe itaisha. Aitapike kule alipoinywa, asikuje kuitapika jikoni kwangu."

Akarudi kwenye kinu. Nikasikia mtwangio ukishuka, ukishuka. Mimi nilisimama mlangoni. Nilijua kitu kimoja ambacho nilidhani hakuna mwingine nyumbani alikijua: kwamba mtu huyu hajala katika nyumba hii kwa wiki tisa. Sikujua hiyo ina maana gani kwa dawa, lakini nilijua kwamba ni lazima isemwe, na nilijua kwamba nikiisema, mama ataondoka. Nilisimama pale na mambo hayo mawili mkononi kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, hawezi kuibeba wala kuitua. Kila aliyepita njiani alimcheka baba. Nikachota maji nikampangusa uso. Shati lake lilikuwa baridi kama samaki. Nilimnusa mdomo, haukuwa na pombe. Na bado sikusema. Kivuli cha paa kilikuwa kwenye ukingo wa barza alipoletwa, na kilipofika kwenye magoti yake bado nilikuwa sijasema. Hiki ndicho kipimo changu cha dhambi, kile kivuli. Nimewahi kukaa mahali pale, mwezi uleule, nikakitazama kikitembea. Ni kama muda wa saa mbili.

Kisha jicho lake moja likafunguka nusu na halikuniona. Nikakimbia. Papa Anselmi alikuwa anafunga dirisha la dawa. "Hajala," nikamwambia, "baba hajala, hajala kabisa, nilikuwa namwaga," na kabla sijamaliza alikuwa amekwisha kukamata chupa ya maji ya sukari ya kuingizwa kwenye mshipa na kukimbia mbele yangu na viatu vyake vya plastiki. Alipiga magoti barzani, akatafuta mshipa, akaukosa, akatafuta tena. Mama alikuja na mtwangio mkononi.

"Mama, nani aliniambia anakula?" Papa Anselmi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sahani..." mama akasema. "Sahani ilikuwa inarudi tupu."

"Ni mimi," nikasema. "Nilikuwa nayapa mabata."

Nilingoja anipige. Nilitamani sana anipige. Mtwangio ulikuwa umetapakaa rangi ya kijani ya majani. Mama aliutazama, akauegemeza ukutani kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima, akaenda jikoni. Nilidhani ameanza kufunga vitu. Aliporudi alikuwa na bakuli la uji, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilimwona mama yangu akitembea zile hatua kumi na tisa akibeba chakula cha baba yeye mwenyewe.

Baba alifungua macho jua likielekea kutua. Lakini mkono wa kuume haukurudi, na maneno hayakurudi, isipokuwa machache: maji, hapana, Feza. Hata mke wake, baba alimwita "mama" tu. Papa Anselmi alitueleza kwa upole kwamba ubongo ulikaa bila chakula muda mrefu mno. Angepata sukari mapema, ingekuwa hadithi nyingine. Hakusema saa ngapi mapema. Sikuuliza. Mama hakuondoka. Wajomba walikuja kutoka Baraka, wakakaa siku nne, wakarudi peke yao. Miaka saba mama alikaa kando ya baba barzani na sahani moja, bukari ndogo, sombe nyingi, na baba alifungua mdomo kila kijiko kilipokuja. Watu waliita upendo, na pengine ulikuwa upendo. Mimi niliona watu wawili ambao wamepata tena nafasi ya kuzungumza, na mmoja wao hana tena maneno. Mara nyingine baba alimtazama mama kwa muda mrefu na kusema "hapana, hapana," na mama alijibu, "Najua. Muganga njo aliniambia. Nilidhani unajua." Alisema hivyo labda mara elfu. Sikuwahi kujua kama baba alimwelewa.

Sasa mimi mwenyewe ni bibi, na kwa miaka mingi nimejitolea kwenda nyumba kwa nyumba kueleza mambo ya afya, hapa mjini na kule Katanika kwa watu waliokimbia vita. Ninaonyesha kipimo cha chumvi, ninaonyesha tonge la ukubwa wa ngumi, na watu wanacheka, nami nacheka nao, kwa sababu mtu anayecheka anasikiliza. Usikate tamaa, nawaambia, mwili unasamehe mengi, anza leo na kidogo. Lakini kabla ya yote huwa nauliza swali ambalo vijana tunaofanya nao kazi hawalielewi: "Hapa, nani anapeleka sahani?" Kisha namtafuta mtoto huyo kwa macho, maana kila nyumba anakuwapo mmoja, anayejua nani hasemi na nani. Ninakaa karibu naye. Mara nyingi hatuongei kitu. Mara moja au mbili nimesikia jambo ambalo lilibadilisha dawa ya mtu.

Mwezi wa mwisho wa mama, ini lilikuwa limekataa, na alilala katika chumba kilekile cha nyuma, dirisha likitazama ua wa Mama Sikitu, ambaye bado yupo, na bado anafuga mabata, vitukuu vya yale. Mchana mmoja nilimletea uji. Mabata yalianza kelele nje niliposogelea dirisha, na mama akageuza kichwa.

"Yalikuwa yanakukimbilia weye," akasema.

"Nini, mama?"

"Mwaka ule. Ulipotoka jikoni na sahani, mabata yote yanakuja mbio kwenye ua. Nikitoka mimi, hata moja. Bata hakimbilii muntu bure, Feza."

Niliweka kijiko. Uji ulikuwa unatengeneza ngozi juu.

"Ulijua?"

Akarudisha macho darini. "Kama juma la pili, nilijua. Lakini sahani ilikuwa inarudi tupu, mwanangu. Kama inarudi tupu, mimi bado niko mwanamuke wa nyumba yangu. Nikasema, iache. Kesho atakula." Machozi yake yalitiririka pembeni, kuelekea masikioni, kwa sababu alikuwa amelala chali. "Kwa muganga njo nilikutupia weye swali. Nilitaka weye useme, mimi nilishindwa. Nikakutupia mutoto."

Nilitaka kumwambia kwamba nimemsamehe, na nilitaka kumpigia kelele kwa miaka yote thelathini niliyoibeba peke yangu. Nikachukua kijiko. Nikampelekea mdomoni. Akakaza midomo, akatikisa kichwa kidogo, kwa heshima, kama mgeni aliyeshiba. Nilijaribu mara tatu. Kisha nikafunika bakuli.

Barzani walikuwa wamekaa ndugu wote, baba mdogo Elia, wadogo zangu, na Mama Sikitu na fimbo yake, wanangoja. Njia yangu ilikuwa ileile, kandokando ya matete, na mabata yalikuja, yakaingiza midomo, yakanililia. Hakuna aliyekuwa ananiona. Bakuli lilikuwa zito. Nilipita. Nilipofika mbele yao wote waliinua macho, na baba mdogo Elia akauliza kwa sauti ya mtu anayeomba aambiwe jambo jema, "Amekula?"

Nikafunua bakuli ili waone wote.

"Hapana," nikasema. "Hakula."